Lori la Jeshi na Gogo la Dada

Koplo alipostaafu jeshini hakurudi nyumbani na bunduki wala nishani. Alirudi na mazoea ya kumtangulia jogoo kuamka, mazoea ya kupiga kiwi viatu hata vya shambani, na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea: kwamba tope ni adui, na adui hakimbiwi. Ukoplo wenyewe aliupata mwishoni mwishoni, wakati wenzake wa rika lake wanapigiwa saluti na yeye ndiye anayepiga. Lakini huku uraiani watu walimpa heshima yake bila kuuliza, wana wa dada yake wakamwita Mjomba Koplo, na jina likamkaa kama kofia ya kushonewa.

Katika utumishi wake wote hakumpiga mtu risasi. Alikuwa dereva wa lori la mwisho katika msafara, lile linalotembea nyuma ya mengine yote ili kuwanasua waliokwama. Wenye haraka na wenye majivuno walimpita wakimpungia mkono, naye baadaye aliwakuta wametumbukia, wakimsubiri. Alishuka, akafungua winchi, ngoma ya kukunjia waya iliyofungwa puani mwa lori, akauvuta waya wake wa chuma hadi kwa mgonjwa, kisha akamtoa taratibu kama mtu anayeng'oa jino. Kazi hiyo aliipenda. Ilimpa furaha, ikampa na kiburi kidogo, maana mtu akizoea kuwanasua wenzake husahau kwamba naye anaweza kunasa.

Mwaka aliostaafu, jeshi lilipiga mnada malori yake ya zamani. Yalipangwa uwanjani rangi ya majani imebabuka, na wanunuzi wa vyuma chakavu wakayazunguka kama fisi penye mzoga. Koplo alikwenda na kiinua mgongo chake chote mfukoni. Alipita kati ya mistari akigonga tairi kwa fimbo, mpaka akafika mbele ya lori alilokuwa akiliendesha yeye mwenyewe. Alilitambua kwa kovu la mlangoni. Mnadi alipoinua mkono, Koplo alikuwa keshainua wa kwake.

Mkewe nyumbani alikuwa anangoja mashine ya kusaga. Ndiyo waliyokubaliana. Aliposikia mngurumo alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaona dubwana la magurudumu sita linaingia uani na kuiburuta kamba ya nguo pamoja na shuka zilizoanikwa. Alilizunguka mzunguko mzima. Kisha akaligonga ubavuni kwa mwiko.

"Kwa hiyo mke mwenza ndiye huyu," akasema. "Haya, karibu mwenzangu. Ila wewe utalala nje."

Tangu siku hiyo lori likaitwa Bi Mdogo, na hadi leo hakuna anayeliita jina jingine. Watu walicheka, na kicheko kilistahili. Lakini mume aliyekubaliana jambo na mkewe kisha akafanya jingine ana kosa, hata kama kosa lenyewe lina magurudumu sita na linapendeza machoni.

Hesabu za Koplo, hata hivyo, hazikuwa za kipuuzi. Trekta pale palikuwa na moja tu, la tajiri mmoja wa mjini, na tajiri huyo alilituma kijijini alipotaka, si ulipotaka msimu. Wakulima walimngoja kama bwana harusi aliyechelewa. Trekta jipya hakuna mkulima aliyeweza kulinunua. Lori la jeshi lililotumika liliuzwa kwa bei ya chuma, na lilikuwa na nguvu za kuvuta nyumba. Magurudumu yake yote sita yanasukuma. Gia yake ya chini kabisa inatembea pole kuliko mwanamke mwenye mtungi kichwani. Tena trekta likimaliza kulima linalala. Lori likimaliza kulima linabeba mavuno, linabeba maji, linabeba na harusi. Basi Koplo akampelekea fundi wa kuchomelea, mtu mwenye nyusi zilizoungua ambaye wote wanamwita Cheche, plau kuukuu la sahani tatu alilolikuta kwenye lundo la vyuma. Cheche akachomelea bomba nene nyuma ya lori, akalifunga plau hapo, akarudi nyuma kulitazama.

"Koplo," akasema, "hili ukilikosea breki utakilima kijiji kizima mpaka kwa mkweo."

Shamba la kwanza lilikuwa la dada yake. Halingekuwa la mtu mwingine. Mama yao alifariki Koplo akiwa hajaota meno yote, na dada huyu, mwenyewe bado msichana, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula, akampeleka shule na kumngoja mlangoni. Shamba lenyewe liko chini kando ya barabara, tambarare, udongo mweusi, ndilo bora katika urithi wote. Koplo alitaka kumlipia fadhila ya mgongo wake kwa mfuo wa kwanza wa plau.

Mvua ilitangulia mwaka ule. Dada alishuka shambani, akachota udongo, akaufinya kiganjani, ukashikamana kama unga uliokandwa.

"Bado," akasema. "Ukiubonyeza ukavunjika wenyewe, hapo umeiva. Tungoje jua lipige."

Koplo alicheka. Trekta la tajiri ndilo la kungoja jua. Bi Mdogo halikujua tope ni nini. Alilisema hilo kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na dada akamtazama mdogo wake amesimama pale na viatu vinavyong'aa, uso umejaa furaha, moyo ukamlegea, akanyamaza. Hapo naye alikosea. Kumpenda mtu si kumwachia akosee huku unamwona.

Siku ile watu walishangilia. Lori lilipita kwenye maji na matope bila hata kuteleza, sahani zikigeuza udongo unaometa kama samli nyeusi. Koplo alipita, akarudi, akapita tena palepale ili waliosimama nyuma waone vizuri. Hakuna gurudumu lililokwama. Alishuka jioni akiwa na tope hadi masikioni, ameshinda vita.

Jua lilipokuja kupiga, lilipiga tofali. Tani zote zile za chuma zilikuwa zimeushindilia udongo mbichi chini ya plau mpaka ukawa kama sakafu. Mahindi yalichungulia, yakaona hali, yakageuka manjano. Mvua zilizofuata hazikuzama. Zilisimama kwenye njia za tairi, vyura wakahamia na jamaa zao. Majirani hawakumwonea haya. Mmoja alimuuliza dada kama ndege ya kwanza itatua lini, maana uwanja umekamilika. Mwingine alimsifu Koplo kwamba ndiye mtu pekee aliyewahi kulima barabara ikaota mahindi.

Koplo alisema ni mbegu. Baadaye akasema ni mvua. Baadaye akasema mwaka wenyewe haukuwa mzuri, ingawa mashamba ya jirani yalikuwa yamesimama wima, yanameta, yanamsuta. Neno moja tu hakulisema, na ndilo dada yake alilokuwa analingoja.

Baada ya mavuno yale ambayo hayakujaza hata magunia ya kukalia, dada aliita vijana wanne. Waliviringisha gogo la mti mkubwa uliokuwa umeangushwa na upepo, wakalilaza mlangoni mwa shamba, pale lori lilipoingilia. Koplo aliitwa aone. Dada hakupandisha sauti.

"Mdogo wangu, gari lako zuri, sina ugomvi nalo. Ila gurudumu lake lisivuke hapa."

Akageuka akaenda kupika. Chakula alimpakulia kama siku zote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Haikuwa kwamba maisha ya Koplo yaliharibika. Bi Mdogo lilibeba mchanga, matofali na mavuno ya wengine, likalima mashamba ya juu yenye kichanga ambayo hayashindiliki kwa urahisi, na kabla mwaka haujageuka ndilo lililoileta mashine ya kusaga mgongoni mwake, na mke mkubwa akapatana na mwenzake. Lakini kila Koplo alipopita kwenye lile gogo alikuwa akitazama upande wa pili wa barabara, kana kwamba kuna kitu cha maana sana kule. Kulikuwa na korongo.

Dada naye alihangaika. Alijaribu plau la ng'ombe. Likateleza juu ya ardhi kama kisu juu ya sahani. Alijaribu majembe, yakadunda. Ndipo akatokea mfyatuaji matofali, mtu mcheshi mwenye punda, akapima udongo kwa kidole na kusema udongo wa namna hii, ulioshindiliwa tayari, ni nusu ya kazi yake. Angekodi shamba, angechimba, angefyatua. Dada alimwambia asubiri. Kama shamba halitafunguka kabla ya mvua kubwa za msimu huu, alichukue. Hangeweza kukaa mwaka wa pili anatazama vyura.

Habari hiyo Koplo aliipata kwa mkewe, na chakula kikamshinda. Ardhi iliyochoka hupumzishwa ikapona. Iliyochimbwa mashimo ya matofali hairudi. Shamba la mama yao lingeondoka kwenye ukoo kwa tairi zake mwenyewe.

Dada aliliita trekta la tajiri. Lilifika kama kawaida yake, siku moja baada ya mvua za kwanza, likapitia upande wa juu. Dereva wake alikuwa kijana mwenye miwani ya jua na haraka ya kurudi mjini. Katikati ya shamba aliikuta njia ya tairi ya Bi Mdogo ya mwaka jana, imejaa maji, akadhani ni dimbwi tu, kumbe pale maji yalikuwa yameugeuza udongo uji. Trekta likazama hadi tumboni. Akakanyaga mafuta, likachimba zaidi. Maji yakaingia, injini ikazimika, na mikono ya kuinulia plau, ambayo huinuka kwa nguvu ya injini, ikabaki imelegea na plau limejikita ardhini.

Tajiri mwenyewe alikuja na gari lake dogo, akasimama barabarani asiguse tope, akaagiza aitwe Koplo.

Koplo alifika. Alilileta Bi Mdogo taratibu mpaka pua yake ikagusa gogo, akazima. Dada yake alikuwa amesimama ng'ambo ya gogo, mikono kiunoni. Koplo alishuka, akavua viatu vyake vilivyong'aa, akaviweka juu ya gogo kama mtu anayeingia nyumba ya heshima, akaushika waya wa winchi na kuuvuta kwa miguu, tope likimfika magotini, hadi kwenye trekta. Alifunga, akarudi, akawasha. Winchi ikaanza kula waya pole pole. Lori lilitaka kusogea mbele, likaegemea gogo, gogo likalizuia. Trekta likaguna, likainua kichwa, likaja.

Watu wote walikuwa wanatazama trekta, na yule kijana wa miwani aliyekuwa ameng'ang'ania usukani kama abiria wa punda mkaidi. Koplo peke yake alikuwa anatazama nyuma ya trekta. Plau lililoshindwa kuinuliwa lilikuwa linafuata, limezama chini kwelikweli, na ile sakafu ngumu ya mwaka jana ilikuwa inapasuka na kupinduka mapande mapande kama vigae. Shamba lililokataa ng'ombe, jembe na trekta lilikuwa linafunguka, na Bi Mdogo lilikuwa halijaweka hata gurudumu moja ndani.

Tajiri alimshukuru, akatikisa kichwa kuelekea shambani na kusema pale pafyatuliwe matofali tu, trekta lake halitarudi. Koplo hakumsikia. Alikuwa anavaa viatu kwenye miguu yenye tope, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona tangu waoane.

Kwa Cheche alikwenda siku ileile. Alitaka plau moja zito, lenye mishikio miwili kama la ng'ombe, gurudumu dogo mbele, na pete ya kufungia waya. Trekta liondolewe katikati. Libaki lori, waya na plau. Cheche alielewa mara moja, akaanza kutafuta vyuma. Kisha akauliza swali ambalo Koplo alikuwa analikimbia.

"Na mlango wa shamba nani atakufungulia?"

Siku mbili Koplo alizunguka nyumbani akikaza nati zilizokazwa tayari. Mkewe alimvumilia, mwishowe akamsimamia mbele.

"Tope hulikimbii," akamwambia, "ila dada yako unamkimbia. Nenda kwa wifi yangu kabla yule wa punda hajafika."

Alimkuta dada uani, ungo mapajani, anachambua maharage ya mbegu. Dada alimwonyesha kigoda kwa kidevu.

"Umekuja kunywa chai au kusema?"

"Kusema."

"Sema. Chai ipo, haikimbii."

Koplo akaanza habari za winchi. Alieleza waya, alieleza plau jipya, alichora kwa kidole mavumbini lori litakaposimama. Dada alimwacha aende mpaka pumzi ikamwishia. Alitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage.

"Kabla ya waya," akasema, "niambie kwanza. Shamba langu liliuawa na nini?"

Mbegu ilimjia mdomoni, na mvua nayo ikaja nyuma yake. Koplo alivitazama viatu vyake. Vilikuwa na tope lililokauka.

"Mimi, dada. Uliniambia udongo haujaiva, nikaona lori haliwezi kushindwa. Kweli, halikushindwa. Lililoshindwa ni shamba."

Vidole vya dada viliendelea kuchambua kwa muda.

"Mwaka mzima nayangoja hayo maneno," akasema. "Yalikwama wapi? Wewe si ndiye mtoaji wa waliokwama?"

Alicheka yeye kwanza, na Koplo akacheka huku akijifuta uso kwa mkono wa shati, akidai ni vumbi la maharage. Kisha dada akawa yule yule wa siku zote. Akasema gogo halitoki. Koplo akasema hata yeye hataki litoke. Bila gogo la kuegemea, lori lingejivuta lenyewe ndani ya shamba. Dada akauliza plau hilo atalishika nani, maana si kila mwenye mikono ni mshika plau. Koplo akanywa chai, akainywa tena ingawa kikombe kilikuwa kimekwisha.

"Hakuna mwingine ninayemjua," akasema. "Tangu nikiwa mgongoni kwako, ni wewe uliyekuwa nyuma ya ng'ombe."

Safari hii walingoja. Mvua za kwanza zilikuwa zimekatika na jua limerudi. Kila asubuhi Koplo alikuja kwenye gogo, akainama, akachota udongo ng'ambo ya pili kwa mkono tu, bila kuvusha mguu, akaufinya. Ulishikamana, akarudi. Majirani walimuuliza kama anatafuta sindano. Hakujibu, na kwa mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu, hilo lilikuwa zoezi gumu kuliko la kambini. Asubuhi udongo ulipovunjika kiganjani alimpelekea dada aufinye mwenyewe. Dada aliufinya, akaupuliza, akaingia ndani kujifunga kitambaa.

Kijiji kilijaa barabarani kama kwenye mpira. Mfyatuaji matofali naye alikuwa amefika na punda wake na koleo, maana siku za makubaliano zilikuwa zinakwisha. Bi Mdogo likaegemea gogo. Waya ukavutwa hadi ulipoishia, plau likafungwa, dada akashika mishikio. Walikuwa wamekubaliana ishara za msafara: mkono juu, simama; mkono ukipunga, vuta. Koplo alizijua ishara hizo kama jina lake. Akaiachia winchi.

Hapo ndipo mjuzi wa misafara aliposahau kwamba dereva wa msafarani ana mkono wa ziada, na mshika plau hana. Plau lilianza kwa kasi. Dada alitaka kusema simama, lakini akiinua mkono plau linampindukia, na sauti ilimezwa na injini. Alikimbia nalo hatua kadhaa, kisha kwa busara akaliachia. Plau likaruka, likalala ubavu, likaja mbio barabarani peke yake kama mbwa aliyeitwa chakula, watu wakitawanyika na kuangua kicheko. Lilisimama kwenye gogo.

Dada alikuja nyuma yake polepole, akijikung'uta.

"Koplo," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo, "mimi si trekta."

Palikosekana jicho la katikati. Mke wa Koplo hakungoja kuombwa. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akaenda kusimama nusu ya njia, mahali anapomwona wifi yake usoni na mumewe akamwona yeye. Kitambaa kikiwa juu, simama. Kikishuka, vuta. Kikizungushwa, polepole, wewe mwanaume. Na Koplo, aliyekuwa hajawahi kumsikiliza mkewe vizuri tangu kabla ya mnada, sasa hakuweza kuondoa macho kwake hata kwa kupiga chafya.

Safari ya pili plau lilizama. Dada aliliegemea kwa tumbo na mabega, akaacha chuma kitafute njia yake, na ile sakafu ikaanza kupasuka. Vigae vikubwa vya udongo viliinuka, vikasimama, vikalala kifudifudi. Chini yake ukatoka udongo mweusi laini ambao jua halikuwa limeuona mwaka mzima. Mfuo ulikuja umenyooka hadi kwenye gogo. Mmoja wa waliokuwa wanacheka akasema kwa sauti ya chini kwamba uwanja wa ndege umefungwa.

Kulirudisha plau hadi mwisho wa waya ilikuwa kazi ya watu sita wakihema, wakivuta na waya juu yake. Baada ya safari chache mfyatuaji matofali alikohoa.

"Punda wangu amekaa bure," akasema. "Na mimi naona aibu kumwangalia mama huyu anafanya kazi nimeshika koleo."

Akamfunga punda. Basi ikawa hivyo siku kutwa: lori la jeshi linavuta kuja, punda anavuta kwenda, na kati yao mwanamke mmoja nyuma ya plau na mwingine na kitambaa, wanaamuru jeshi zima. Cheche alisema hajawahi kuona kikosi ambamo koplo ndiye wa chini kabisa baada ya punda. Mfyatuaji matofali alicheka mpaka akakaa. Alikuja kuchukua udongo, akasema, na udongo umemchukua yeye na mnyama wake.

Waya haukufika mwisho. Kule juu kulibaki kipande ambacho winchi haikukifikia. Watu walidhani kitaachwa. Koplo alikwenda nacho kwa jembe la mkono, asubuhi baada ya asubuhi, udongo wenyewe mgumu, viganja vikimpasuka. Mkewe alimsaidia. Hakuna aliyekuja kumshangilia huko, na ilikuwa afadhali. Kuna makosa ambayo mashine inaweza kuyafuta, na kuna sehemu ambayo mtu lazima aifute kwa mikono yake, la sivyo hatakumbuka.

Mvua kubwa zilipoanza, walikuwa wamemaliza. Dada alisimama kizingitini kwake, Koplo kando yake, wote wawili wakitazama shamba bila kujifanya wanatazama kitu kingine. Maji yalinyesha kutwa. Yalianguka kwenye mifuo, yakanywewa. Hakuna dimbwi lililosimama, na vyura, kwa sauti walizozipiga kutoka kwenye korongo la ng'ambo, walikuwa wamehama.

"Yanazama," Koplo akasema.

"Nayaona, mdogo wangu," dada akajibu. "Ingia ndani, unalowa."

Mahindi ya mwaka ule yalimficha mtu mrefu. Mavuno Bi Mdogo lilikuja kuyabeba, likasimama kwenye gogo, na magunia yakavushwa mabegani. Kijana mmoja aliuliza kwa nini wasilitoe tu lile gogo, ugomvi si umekwisha. Dada alimwambia halikuwekwa kwa sababu ya ugomvi, liliwekwa kwa sababu ya shamba, na shamba bado lipo. Koplo akaitikia kwa kichwa na kujitwika gunia jingine.

Siku hizi mwenye shamba la udongo mweusi akitaka kulimiwa hatumi mtu kwenda kumwita Koplo. Anatafuta gogo zito, analilaza mlangoni mwa shamba lake, anangoja. Koplo akipita na Bi Mdogo hulipunguza mwendo, hushuka, huvua viatu, huinama kuchota udongo ng'ambo ya gogo na kuufinya kiganjani. Ukishikamana, anaurudisha chini na kwenda zake.